Chupa Tatu Ndani ya Friji Yangu

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele zikufikie huko uliko. Hujambo? Shemeji hajambo? Kile kifua kimepoa au bado unakohoa? Sisi wazima wa mwili. Goti langu lanisumbua ngazini, ila mdomo haujambo, unanijua.

Na nilikuwa na la kujisifia. Mwanao, huyu niliyemzaa mimi niliyeishia darasa la saba, anakamata harufu! Anayapitishia majani mvuke, mvuke ukipoa anakinga mafuta tone kwa tone. Gunia zima halijazi kichupa cha ukubwa wa kidole cha mwisho. Kisha kuna mashine chuoni, inazitenganisha harufu na kuzichora kwenye karatasi kama vilima, kila kilima harufu yake. Mtaani wanamwita Daktari wa Majani. Jina nililieneza mimi.

Friji ya maabara iliharibika, akaniletea chupa tatu nimtunzie.

"Mama, usizifungue. Harufu hii ina miguu."

Majani yenyewe aliyachuma kwenye kichaka ambacho sasa kimefyekwa kupitisha barabara. Hayapatikani tena.

Mdogo wangu, nilizifungua.

Alinichokoza mke wa fundi saa: "Eti kasoma miaka yote hiyo aje kuchemsha majani? Si angebaki jikoni kwako!" Nikamwambia, "Njoo unuse, halafu urudie hayo maneno." Akanusa, akaomba kunusa tena. Raha niliyoipata! Kesho yake akaja na dada zake. Wenzangu wa kwaya nao wakaja. Wiki mbili nzima naziweka mezani, vifuniko pembeni, naeleza mambo nisiyoyajua.

Jumatano akazirudisha chuoni, mashine ikachora mstari umelala kama sakafu, na kilima kimoja tu, kidogo, mwishoni. Akaja na karatasi mkononi.

"Mama, kuna mtu alizigusa?"

"Nani aziguse, mwanangu?"

Akaniamini. Hilo ndilo linalonitafuna. Sasa anasema alikosea yeye, kwamba mikono yake haifai kwa kazi hii. Koti lake jeupe ameliacha chuoni. Kesho saa nne anapeleka barua ya kuacha masomo. Jana alinipa niisome, nimwambie kama imeandikwa vizuri. Imeandikwa vizuri sana, mdogo wangu. Nililia juu yake, naye akanibembeleza.

Nimekuandikia wewe kwanza ili niizoee kweli hii. Kesho nitatangulia mimi kwa mwalimu wake, nitasema mbele yao wote. Barua hii ikikufikia yatakuwa yameshapita. Wewe ni mama yake mdogo, lazima atakupigia simu. Mpokee, umsikilize, wala usinitetee.

Nisalimie shemeji na mapacha, uwabusu. Mungu awalinde watoto wako, na wewe akulinde usije kuwaumiza kwa kuwapenda.

Dada yako akupendaye