Nilivyomkalia Mama Paulo

Dada Agnesi, shikamoo. Mimi mzima, ila pua imebanduka ngozi kwa jua la Babati.

Tulisikia sabuni imefika dukani Bonga. Magari hayana dizeli, kwa hiyo ni miguu tu. Mwenyeji wangu Daudi akagoma: "Saa saba hii? Hata ng'ombe wamejificha. Twende jioni." Nikamwambia mwanamume aliyezurura Mombasa bila kofia haogopi jua la bara. Tena nilikufikiria wewe na kichanga chako, unavyofua nepi kwa majani ya mpapai. Tukaenda, yeye akinung'unika, mimi nikimsimulia safari zangu mpaka mate yakaniisha.

Kufika, foleni haina mtu, ni mawe yamepangwa mpaka mlangoni. Nikachagua la mbele, nikaketi. Sauti ikatoka kivulini barazani: "Baba, inuka, umemkalia Mama Paulo!" Kumbe kila jiwe linamshikia mtu nafasi. Daudi alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama Paulo mwenyewe akauliza jua lote hili nafuata nini. Nikamweleza habari za mtoto wako. Akasema, "Basi kaa hapo hapo," akaenda kuweka jiwe jingine nyuma kabisa.

Sabuni ikaisha kabla haijamfikia. Mimi naye tukaukata mche wangu kwa uzi, nusu kwa nusu. Tungekwenda jioni tungeambulia mawe, ila Daudi hajakiri.

Nibusie mtoto. Mwambie mjomba wake anakuja, na ananukia.

Mdogo wako,
Faustini