Wifi Anapiga Soga, Mimi Nahema

Mpendwa mshauri, nishike mkono maana nazama, na sisemi kwa mafumbo, nazama kweli, bwawani. Mimi ni fundi cherehani mwenye ugonjwa wa moyo, daktari kanipa vidonge akaniambia nifanye mazoezi ya majini, ya kiasi, nikajiunga na darasa la watu wa rika langu, maji yanafika kifuani, tunaruka na kurusha mikono, raha tupu, ila yupo wifi yangu, dada wa mume wangu, moyo wake mgonjwa kama wangu, yeye akija pale ni kupiga soga mwanzo mwisho, halafu mwalimu anamsifu yeye! Mimi mwanangu kaninunulia saa ya kupima mapigo ya moyo, nikipanda ngazi za nyumbani namba inapanda, nikiingia majini haipandi, nikaona kumbe nazembea, nikaongeza kasi, wapi, nikaongeza tena, na asubuhi ya leo kifua kikabana, macho yakaingia giza, nikashika ukingo nikajifanya narekebisha kofia yangu ya kuogelea, wifi ananiuliza, "Wifi, mbona hunijibu?" nami namtolea macho tu kwa kuwa pumzi ya kumjibu sina. Sijamwambia mtu, mume wangu akijua atanikataza, na pale ndipo mahali pekee ambapo magoti hayaniumi na ninacheka. Je, ninunue saa nyingine au nikaze mpaka mwili uzoee?

Fundi wa Maji ya Kifuani

Fundi wee! Ukaze nini tena? Pole kwa hofu uliyoipata, lakini nitakupa za uso: nusura ufe kwa kushindana na mtu ambaye hata hajui kuna mashindano.

Saa yako haina kosa. Mtu akiwa ndani ya maji, moyo kwa kawaida hupiga polepole kuliko nchi kavu. Tena vidonge vya moyo vingine kazi yake ni hiyohiyo, kuzuia mapigo yasipande. Sasa wewe unameza breki asubuhi, kisha unakanyaga mafuta bwawani! Jamani.

Na huyo unayemwona mzembe ndiye anayefuata somo. Mazoezi ya kiasi ni yale ambayo unahema kidogo lakini bado unaongea. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Wifi yako anajipima kwa umbea, na kipimo chake kinafanya kazi.

Weka mkasi chini uende hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Kifua kubana si jambo la kuficha kwa kofia. Mumeo mwambie wewe, asije akaambiwa na muuguzi. Majini usirudi mpaka daktari akuruhusu, na ukirudi mweleze mwalimu kila kitu, saa uiache nyumbani, usimame ubavuni kwa wifi yako. Akikuuliza, mjibu. Ukishindwa kumjibu, simama.

Na unapokwenda hospitali, mpitie akusindikize. Alikuuliza mbona humjibu, na bado anangoja.