Mama Wafula, Munyu Wako Nimeupika

Mama Wafula, mke mwenzangu wa nyumba ya chini,

Usishtuke kuona mkono wangu. Ulipokuwa hai sikukuandikia hata kikaratasi, na ningekuandikia cha nini, wakati mlango wako na wangu inaangaliana na sauti yangu unaijua inavyofika? Ukitaka kunisikia ulikuwa unafungua dirisha. Usipotaka, ulinisikia vile vile. Sasa umelala pale mwisho wa shamba la viazi, na huko sauti haifiki. Basi nimechukua daftari la mjukuu wetu Nelima na kalamu yake. Darasa la tatu nililoishia linanitosha. Anayetaka kucheka herufi zangu acheke, viazi vyangu hakuna anayevicheka hapa Molo nzima.

Nina neno na wewe. Ulituachia mjukuu, ukaenda bila kutuambia anakula nini.

Uliondoka tukipanda, na sasa tunachimba. Baridi imekaza. Asubuhi ukungu unalala kwa zizi hadi ng'ombe namtafuta kwa mkono, na malori ya viazi yanakwama pale kona kama kawaida, madereva wanatukanana hadi saa nne. Kila kitu kiko vile ulikiacha, isipokuwa Nelima. Tangu tukuzike, yule mtoto anachovya chakula kama kuku mgeni. Nikimuuliza, mimi bibi yake mkubwa, ananiambia, "Niko poa, Kukhu." Poa gani? Poa ni uji uliosahauliwa mezani. Sketi ya shule ameifunga na pini mbili.

Wafula wako alikuja Jumapili ya juzi kutoka Lanet, viatu vya mjini vimejaa matope hadi kwa kamba. Alimtazama mtoto wa dada yake akicheza na ugali kwa sahani, halafu akaniita nyuma ya zizi. Aliongea kwa heshima, hilo simnyimi, ulimlea vizuri. "Mama mkubwa," akasema, "mtoto anaisha. Dada yangu ananipigia simu kutoka Arabuni akilia. Nakupa wiki moja. Jumapili nikikuta bado hali, naenda naye."

Akaniambia habari ya taa za stima, na shule iliyo karibu na lami. Nikamjibu kuwa stima haijawahi kushibisha mtu. Lakini wewe nikudanganye kwa faida gani? Niliogopa. Nelima mwenyewe alikuwa ameniambia hataki kutoka hapa, hapa ndipo Kukhu wake alipolala. Hataki kwenda, na kula hawezi. Nikaapa pale pale, mkono kwa mti wa zizi, kwamba huyo mtoto atakula kwangu kabla Jumapili haijafika.

Jumatatu nilichemsha viazi vipya na maganda yake, na chai ya maziwa ya jioni, ile nzito. Alikula kimoja. Jumanne nilisonga ugali, nikakaanga mayai ya yule kuku mwekundu, mayai ambayo hata mchungaji akija simpikii. Aliyaangalia. Jumatano nikapika mahindi na maharagwe, nikatia kitunguu, nikatia karoti, na kutoka asubuhi nilikuwa nimeinama kwa mitaro ya viazi hadi mgongo unaongea. Alichagua mahindi, akaacha maharagwe, akasema asante. Hiyo asante iliniuma kuliko tusi. Mtoto wa nyumba hashukuru kama mgeni.

Nikamgombeza. Nilimwambia katika nyumba hii hakuna aliyewahi kukataa mkono wangu, hata mzee wetu alipokuwa na malaria. Nilimwambia Kukhu wake wa chini angemchapa. Hapo ndipo aliinua uso, akaniambia polepole, bila jeuri:

"Chakula chako kitamu, Kukhu. Lakini hakina munyu."

Mama Wafula, hapo alinishinda. Unajua ni wangapi walionishinda katika maisha yangu.

Huo munyu naujua, kwa sababu wewe nilikujua kwa mkebe kabla sijakujua kwa jina. Mzee alikuleta kutoka nyumbani Bungoma kwa treni, wakati bado ni mtu wa reli, na mimi nimekaa mlangoni nimekunja mikono nione huyo mdogo wangu amebeba nini. Umebeba mtoto mgongoni, kikapu kimoja, na mkebe wa mafuta uliotobolewa matundu chini. Nikadhani ni wa kumwagilia mboga. Kesho yake nakuona unachoma maganda ya maharagwe, unatia majivu kwa ule mkebe, unamwagia maji juu, na chini yanatoka matone ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Na hayo maji ya majivu, ndiyo munyu wenyewe, unayatia kwa mboga ya watu.

Nilikucheka hadi majirani wakatoka. Nilikwambia huku tumestaarabika, duka liko hapo barabarani na chumvi ni nyeupe. Nilikuita Mama Majivu, na wanawake wa kisimani wakalichukua hilo jina. Wewe ulikoroga sufuria yako, ukasema, "Chumvi yako inakata ulimi, dada. Munyu unalainisha mboga." Hukuniinulia sauti. Hiyo ndiyo tabia yako iliyoniudhi miaka yote, kwamba hukuniinulia sauti.

Na mzee naye, mwoga yule. Wiki moja anakula kwako, wiki moja kwangu. Ukimuuliza mboga ya nani tamu, anafuta mdomo na kusema ameshiba. Amekufa na siri yake.

Lakini si ugomvi tu tulikula. Unakumbuka ile asubuhi ya jalidi, viazi vimetoa majani tu, na barafu imetanda shambani kama unga? Ulinigongea mlango kabla jua halijatoka. Tulitembea mitaro yote tukimwagia majani maji kabla jua halijayachoma, mimi na wewe, hakuna mwanamume. Miguu yangu ilikuwa kwa patipati, vidole vyote nje. Ulivua gambuti zako ukanirushia, ukaendelea na miguu mitupu. Nikakwambia wewe ni mjinga. Ukasema, "Vaa, halafu utukane." Nusu ya shamba ilipona.

Basi Ijumaa niliamua. Nikasema kama ni munyu, munyu nitatengeneza. Jambo ambalo Mama Wafula aliweza, mimi, mke wa kwanza, nitashindwaje? Sikumuuliza mtu. Nilipakua majivu kwa jiko langu mwenyewe, majivu ya kuni za mkaratusi, nikatoboa mkebe kwa msumari, nikamwaga maji. Yalitoka vizuri, meusi meusi. Nikapika managu, nikatia kikombe kizima kama mtu anayetia maziwa. Mboga ikawa kijani cha kung'aa. Nikajisifu. Nikamwekea Nelima, nikakaa mbele yake kama hakimu.

Alitia tonge moja mdomoni. Akaacha kutafuna. Akalitema kwa kiganja, akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Kukhu, hii ni mboga ama ni ya kufulia sweta?"

Nikamwambia asinizoee. Nikachukua tonge kubwa nimwonyeshe. Mama Wafula, ulimi uliwaka. Ilikuwa sabuni tupu. Lakini nilikuwa nimeshasema, kwa hivyo nikameza. Unanijua. Nikameza, machozi yakatoka, na mtoto akaanza kucheka. Alicheka akashika meza. Alicheka hadi pini moja ya sketi ikafunguka. Tangu siku tuliyokufukia sikuwa nimesikia hiyo sauti, na nakwambia ni sauti yako, ile ya kucheka kwa pua ambayo nilikuwa naikemea.

Akishapumua akaniuliza nilitumia majivu gani.

"Majivu ni majivu," nikasema.

"Si ya kuni, Kukhu. Ya maganda ya maharagwe. Yako kwa jiko letu."

Jiko lenu. Hilo jiko halikuwa limefunguliwa tangu matanga. Ufunguo ulikuwa kwa msumari mlangoni mwangu, na kila siku nilikuwa naupita kama nampita anayenidai. Jumamosi asubuhi, maziwa yakishaenda barabarani, Nelima aliutoa mwenyewe. Nilimfuata. Mawe yako matatu yamekaa vile vile, mwiko wako juu ya kigae, na kwa kona gunia limefungwa na kipande cha leso yako ya zambarau. Limejaa maganda makavu. Ulikuwa umejiwekea ya mwaka mzima, mwanamke wewe, kama mtu mwenye nia ya kukaa.

Mtoto alinifundisha, na mimi nilikaa kwa kigoda chako nikafundishwa. Aliyachoma maganda juu ya bati hadi majivu yakawa meupe. Akayatia kwa mkebe wako, si wangu. Nikataka kumwaga maji mengi tumalize, nikaambiwa nipunguze mkono. "Kukhu alisema maji yajiendee yenyewe," akaniambia, kwa sauti yako ile ile isiyoinuka. Halafu akapima. Kumbe ni vifuniko viwili tu vya chupa ya soda kwa sufuria nzima! Miaka yote ninakucheka na sikuwahi kuangalia unapima na nini.

Tulipika kunde zilizotoka soko la Nakuru, tukamwagia maziwa yaliyolala, na ugali. Moshi ulitoka kwa jiko lako, na jirani wa ng'ambo akatoka nje kuangalia, nadhani alifikiri umerudi. Nelima alikula. Alikula akaongeza, akakwangua sufuria kwa kidole, na mimi nikaacha kukemea kidole.

Jumapili Wafula alifika mchana na begi tupu begani. Nikamwambia begi liwekwe nje, hapa ndani tunakula. Aliketi, akanawa, akakata ugali, akachovya. Akasimamisha mkono.

"Hii ni ya mama," akasema.

"Ni ya nyumba hii," nikamjibu. "Kula."

Nelima alimsogezea bakuli na kumwambia, "Ongeza mboga, Anko, Kukhu wa juu alipika sabuni juzi, hii ndiyo ya ukweli." Wakanicheka wote wawili mbele yangu. Wafula hakulitaja begi tena. Alipoondoka alikuwa amelijaza viazi, nilivyomchagulia mimi, na chupa ndogo ya munyu aliyopewa na mpwa wake. Mtoto alibaki kwa lango akipunga mkono.

Kwa hivyo sikiza. Nelima hatoki hapa. Atasoma hapa, atakula hapa, na jiko lako litawaka wiki moja na langu wiki moja, kama zamani. Mgongo ukiniuma utauma nikiwa nimesimama. Sketi nimeipunguza, na mwisho wa muhula nitaifungua tena maana ataijaza. Msimu ujao ile sehemu ya chini napanda maharagwe, na si kwa sababu ya maharagwe, ni kwa maganda. Na mwanamke wa kisimani akisema Mama Majivu tena nitamjibu mimi.

Kuna jambo moja limebaki, nalo nitalisema mara moja tu, usilizoee.

Ule mwaka nililazwa Nakuru, uliniletea mboga kwa kile kibakuli cha kijani chenye kifuniko. Ulitoka Molo na mvua, ukafika umelowa. Nilikwambia weka hapo. Kesho yake uliponiuliza kama nilikula, nilikwambia mboga ya majivu haipiti kooni kwangu, kwamba nilimpa mama wa kitanda cha pili. Uliokota kibakuli chako kitupu, ukasema, "Sawa, dada, hata yeye ni mgonjwa," ukaenda zako.

Kitanda cha pili hakikuwa na mtu, Mama Wafula. Nilikula mimi. Nililamba hadi kifuniko.

Pumzika, moshi ukiuona ujue ni sisi,

Mimi mke mwenzako mkubwa, wa nyumba ya juu,
Mama Simiyu