Ukuta Uliouondoa Kati ya Mama na Mkwe Wake

Mshangano,
Songea.
14 Septemba, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Leonce,

Nianze na salamu, kwa sababu Mama alitulea tusimwingie mtu kwa maneno kabla ya kumjulia hali, hata kama mtu mwenyewe ni wewe. Hujambo? Wifi yangu Odilia hajambo? Na mwanenu Leo, kile kikohozi chake cha mwezi wa saba kimeisha? Shikamoo yako nimeshaiitikia mwenyewe, marahaba, maana simu zangu nne hukupokea na sidhani kama ulikuwa unatafuta nafasi ya kuniamkia.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Vumbi la Septemba linaingia mpaka ndani ya sufuria, mahindi yako ghalani, na presha ya Mama ilipanda wiki mbili zilizopita ila sasa imeshuka kidogo kwa vidonge. Kwa nini ilipanda utasoma hapo chini. Nimeamua kuandika kwa kalamu na kumpa mtu wa basi akuletee, kwa sababu ujumbe wa simu unausoma nusu halafu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Barua hii utaisoma yote.

Nimekasirika, Leonce. Nakwambia mapema usije ukafika katikati ukadhani natania kama kawaida yetu.

Podikasti ya Jikoni na Barazani niliianza mimi, kwa kinasa sauti kimoja na blanketi la Mama nililolitundika ukutani ili sauti isirudi. Wewe uliingia kwenye kipindi cha tisa, ukanisaidia kukata na kupandisha mtandaoni kwa kuwa huko kwenu Kinyerezi intaneti haisuasui. Nilikushukuru hewani, kwa jina lako na la Baba. Ningejua, ningekushukuru kimyakimya.

Tangu mwaka jana unanihubiria video. Kwamba watu wa siku hizi wanataka kuona sura, kwamba wadhamini hawaangalii kitu kisicho na picha, kwamba sauti peke yake ni redio ya babu. Nilikusikiliza kila mara. Nikakujibu kwamba wanaotufuata sisi mikono yao ina kazi na macho yao pia yana kazi. Yule mama wa Namtumbo aliyetuandikia hutusikiliza akipanga tumbaku kwa madaraja, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Unataka aache jani atazame nini? Na bando analotumia kutazama video moja lingemtosha kusikiliza vipindi vya wiki nzima. Wewe ukasema naogopa maendeleo.

Sina ugomvi na video. Fundi anayefundisha watu kufungua injini ya pikipiki na aonyeshe picha, bila picha atawapotosha. Lakini watu wangu hawafungui injini. Wanasema mambo ambayo wangekuwa wanatazamwa wasingeyasema hata robo. Hilo ndilo lililonifanya nichague sauti, na nilikueleza si chini ya mara kumi.

Sasa ngoja nikukumbushe kipindi cha thelathini na moja kilivyorekodiwa, maana inaonekana umesahau au umejitia hamnazo.

Unajua vizuri kwamba Edmund alimchukua mdogo wetu Rosemary bila kubisha hodi kwetu, na kwamba Mama hakukanyaga kwenye ndoa yao pale Namtumbo. Miaka mitatu Mama hakulitaja jina la mkwe wake. Kama si mimi kupeleka salamu huku na kurudisha huku, mdogo wetu angekuwa kama hana kwao. Basi mwezi wa saba Rosemary akanipigia kuniambia ana mimba, ya kwanza, na anataka kujifungulia huku, karibu na hospitali na karibu na Mama. Edmund akaniomba nimtafutie njia ya kuongea na mama mkwe wake.

Njia ikawa kipindi. Mama alikaa jikoni amenyoosha miguu kwenye mkeka anachambua maharage. Edmund alikaa barazani kwenye kiti. Katikati kulikuwa na ukuta wa tofali na dirisha dogo nililoliziba kwa blanketi lile lile, na mimi nilikaa koridoni na vifaa. Walisikiana vizuri bila kuonana hata kivuli. Edmund aliomba msamaha mpaka sauti ikamkatika. Mama akamuuliza habari za yule jogoo aliyemtuma mwaka jana kuomba radhi, kama alijua kuwa ni jogoo mkorofi aliyemparua katekista miguuni. Edmund akacheka. Mama naye akacheka, Leonce, mama yetu ambaye tangu msiba wa Baba hatujamsikia akicheka hivyo. Akamalizia kwa kusema Rosemary aje, chumba kipo, na maji ya kumwogesha mjukuu atayachemsha mwenyewe.

Nililia kule koridoni. Wewe uliposikia uliniambia hata wewe umelia, na nikakuamini.

Zile simu mbili zilizokuwa zinachukua picha, moja jikoni na moja barazani, ulizitaka wewe. Ulisema unahitaji kuona midomo ili ulinganishe sauti wakati wa kukata. Niliziweka kwa mikono yangu na sikumwambia Mama wala Edmund, kwa sababu uliniahidi picha hizo hazitatoka kwenye kompyuta yako. Hapo nilikosea na kosa hilo nalibeba. Hilo ndilo langu, yaliyobaki ni yako.

Ukachukua picha ya Mama, kitenge kimemwanguka kichwani, miguu wazi mpaka magotini, kinywa wazi na mapengo yake yote. Ukachukua ya Edmund anacheka. Ukaziweka ubavu kwa ubavu, na kwa kuwa hazikutazamana ukamgeuza Mama aangalie upande wa Edmund. Juu yake ukaandika kwa herufi nyekundu: MAMA MKWE NA MKWE WAMALIZA MAMBO USO KWA USO.

Uso kwa uso. Umezaliwa nyumba hii hii, Leonce. Mtu wa Dar asiyejua chochote ningemsamehe. Wewe siku ulipokwenda kujitambulisha kwa kina Odilia kule Peramiho, mama yake alipotokea njiani uliruka mtaro na suruali yako ya sherehe ukajificha kwenye migomba mpaka alipopita. Tulikucheka mwaka mzima. Ulijua siku ile kwamba mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, ukasahau ulipoona watazamaji wanaongezeka.

Picha ilifika hapa kabla ya wewe kuniambia. Zulfa, jirani yetu wa duka la vocha, alikuja nayo mbio akidhani analeta heri. "Mama Benigna, mashallah, upo kwenye simu, watu elfu arobaini wamekuona," akamwekea mbele ya uso. Zulfa ni mtu wa Tunduru, mila zetu hazijui, hana kosa. Mama aliitazama mpaka ikaisha, akairudisha simu, akasema ahsante mwanangu, akaingia chumbani. Jioni ile presha ikawa mia na tisini.

Tangu hapo hajaenda jumuiya. Zamu yake ya kusalisha rozari ilifika, akamwomba mwenzake amshikie. Anasema kila mtu mle amemwona magoti.

Kwa Edmund ni vibaya zaidi. Baba zake wadogo wa Lusewa walimwita wakamkalisha chini. Waliona kwa macho yao kwamba alikaa mbele ya mama mkwe wake aliye kichwa wazi, akamtazama na kumcheka. Akawaambia kulikuwa na ukuta. Wakamwambia awaonyeshe huo ukuta. Atawaonyesha nini na wewe umeshauondoa? Blanketi umelikata, mimi umenikata, na zile dakika za mwanzo nilipoeleza nani amekaa wapi umezikata pia, kwa sababu zilikuwa zinachelewesha, si ndiyo?

Edmund alinipigia simu mara moja tu. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema hataweza kufika tena hapa wala kumleta Rosemary mpaka jambo hili lisemwe na kumalizwa mbele ya wazee wa pande zote. Mtoto anategemewa mwisho wa mwezi wa kumi. Rosemary yuko Lusewa kwa watu ambao wanamwona yeye ni mtoto wa mwanamke asiye na haya, na kutoka pale mpaka hospitali kubwa mwenyewe unajua barabara ilivyo mvua zikianza.

Usiniambie habari za watazamaji elfu arobaini. Nimesoma maoni yao. Wanabishana kama mapengo ya Mama ni sita au saba. Hakuna hata mmoja aliyetaja alichosema. Kile kipindi cha sauti kilisikilizwa na watu mia sita na kitu, na kati yao wanawake watatu wameniandikia kwamba wamewapigia simu wakwe zao. Ukitaka kulinganisha, linganisha hayo.

Nataka mambo mawili kwako, na siombi. Video hiyo iondoe leo, siku utakayopokea barua hii, kabla hujavua viatu. Halafu nipe neno la siri la akaunti na rekodi nzima isiyokatwa. Kuanzia kipindi cha thelathini na mbili nitakata mwenyewe, hata nikikata vibaya. Podikasti itabaki sauti. Wewe ukitaka video, anzisha yako, umwite mama mkwe wako wa Peramiho, umkalishe mbele yako kichwa wazi, halafu tuone watazamaji utakaowapata.

Limebaki jambo moja, na hili nimelizungusha tangu mwanzo wa barua.

Mjomba Hironimus alikuja Jumanne iliyopita kutafuta mzizi wa haya mambo. Nilichukua picha mbili ndogo za kitambulisho, ya Mama na ya kwangu, nikazisogeza pamoja mezani kumwonyesha jinsi watu wasiokaa pamoja wanavyoweza kuonekana wamekaa pamoja. Alielewa haraka kuliko nilivyodhani. Akasema, "Kumbe. Basi aliyezibandika ndiye aliyewakutanisha. Huyo ndiye wa kusimama aseme." Kisha akaniangalia. Mama naye alikuwa mlangoni, akaniangalia. Nikafungua mdomo kutaja jina lako, nikamwona Mama ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, nikafunga mdomo.

Wakaelewa walivyoelewa, kwamba ni mimi. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Ananipakulia chakula, anakiweka mezani, anaondoka. Nina miaka arobaini na miwili na ninaishi naye nyumba moja, na sijasikia sauti yake kwa siku tano, mimi ninayeishi kwa kurekodi sauti za watu.

Wazee watakutana hapa nyumbani Jumamosi tarehe 4 Oktoba, saa nne asubuhi. Watu wa Lusewa wamekubali kuja. Walichosema ni kwamba aliyeitengeneza picha asimame mbele yao aeleze kwamba ukuta ulikuwepo, na kwamba ni yeye aliyeutoa. Wakimsikia yeye mwenyewe, Rosemary atarudi kujifungua. Mimi nikisimama nitasema uongo, na watu wale wataniuliza nilivyofanya, na sitajua kujibu kwa sababu sijui. Usimtumie Mama sauti kwa Wasapu. Usipige simu ukataka niweke spika. Panda basi uje, ukae pale ambapo kila mtu anakuona, useme ulichofanya.

Usipokuja nitasimama mimi. Nitajaribu, kwa ajili ya Rosemary, na wakiniamini sawa, nami nitabaki na kosa lako mpaka Mama atakapoondoka duniani. Lakini nataka ujue maneno aliyomwambia mjomba siku ile alipokuwa anamsindikiza getini, akidhani siwasikii. Alisema, "Leonce wangu angekuwepo hapa, asingekubali niaibishwe hivi."

Nisalimie sana wifi Odilia, na umbusu Leo kwenye paji la uso. Mjomba Hironimus anakusalimu, bado hajui. Zulfa naye anakusalimu na kuuliza lini tutaweka kipindi kingine. Mungu akulinde barabarani katika safari ya kuja, na ukifika akupe kinywa.

Dada yako ambaye bado anakupenda, na kama asingekupenda jina lako lingeshatajwa,

Benigna