Ndege wa Mombasa

Gorong'a, Tarime
14 Agosti 1956

Kaka Werema,

Shikamoo. Nakupa kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa tu. Huku ulezi tumeshavuna. Barua yako imefika. Unasema likizo yote uko Mombasa, kila asubuhi unawatupia ndege wa baharini mkate, wengine wanakula mkononi mwako.

Nilikuandikia mara mbili kwamba baba anaumwa! Aliniuliza, "Werema anasemaje?" Niliona aibu kumsomea habari za ndege. Nikasema, "Yuko njiani, baba." Akataka tukigeuze kitanda kielekee mlangoni, akuone ukiingia. Jumapili amekufa macho yakiwa mlangoni.

Umenifanya nimdanganye baba mpaka mwisho. Hilo sitakusamehe.

Mdogo wako,
Robi