Naomba Kazi ya Kushtaki Watu, Kumbe Mwenyewe Nina Kesi ya Shangazi

Mpendwa Bi Shaista,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa polisi anakuja mtaani kwetu kuuliza majirani kama mimi ni mtu wa tabia njema, na majirani zetu, Mungu awape afya, hawajawahi kuulizwa swali wakalijibu nusu.

Mimi ni wakili, nina miaka ishirini na tisa, naishi mji wa Chiniot na wazazi wangu, na mwaka huu nimefaulu mtihani wa kuwa mwendesha mashtaka wa serikali, ule ule ambao wanaume watatu wa ofisini kwetu wameurudia mpaka wameota mvi, mimi nimeupita mara ya kwanza, mama akalia, baba akagawa laddu, zile tamutamu za sherehe, mtaa mzima mpaka kwa yule jirani tusiyesalimiana naye, na kilichobaki ni fomu moja ya kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu kuna swali linaloniuma kama jino bovu: je, umewahi kuandikishwa katika kesi yoyote ya jinai? Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana. Leo siku ya tisa fomu iko juu ya kabati na mimi nazunguka chini yake.

Kesi ninayo. Miaka mitano iliyopita, kwenye harusi ya kaka yangu Tabish, shangazi yangu Kishwar, dada yake baba (majina nimebadilisha, ya kweli mji mzima unayajua), alitazama sahani yake ya biriani akasema mbele ya wakwe wapya, "Nyama wamepewa wageni. Mimi dada wa damu nimeletewa wali na pole." Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia sufuria, nimesimama tangu alfajiri, miguu imevimba, nikamwambia, "Shangazi, hiyo ni sahani ya tatu. Nyama ya zile mbili ilikwenda wapi?" Akageukia watu, "Haya, mwoneni! Kasoma sheria juzi, leo anahesabu matonge ya wakubwa! Nani ataoa ulimi kama huo?" Basi Bi Shaista, upawa ulikuwa mkononi mwangu, halafu haukuwa mkononi mwangu. Ulimpata juu ya nyusi. Alishonwa nyuzi nne.

Hospitali hakuanza nayo, alianza na kituo cha polisi, kitambaa kimelowa damu, na unawajua watu wetu wanavyoandikisha kesi, hawaandiki aliyewakosea, wanaandika ukoo: akawataja watu kumi na mmoja, akiwemo babu mzaa mama ambaye alikuwa na miaka mitatu kaburini, na jina langu akaliweka la kwanza kabisa, wala si kwa sababu ya upawa, ila kama kila mtu hapa anavyofanya, mnapogombana unamtanguliza yule msomi wa nyumba ile ili kazi ya serikali aisikie kwa majirani.

Baba naye hakulala. Aliandika maelezo polisi kwamba siku hiyo mimi nilikuwa Lahore nafanya mtihani, mwalimu mmoja rafiki yake akatia sahihi barua ya kuthibitisha, na picha za harusi zikapitiwa na mkasi mpaka leo kwenye albamu ya kaka, bibi harusi ana mkono begani wenye bangili zangu na hakuna mtu aliyeunganishwa na mkono huo. Mimi nikanyamaza. Baada ya miezi wazee wa ukoo wakatupatanisha, tukala, shangazi akaanza tena kuja kwetu kila Idi, ila hakuna aliyekumbuka kwenda mahakamani kulifunga jalada, limelala huko linakula vumbi.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Baba anasema, "Andika hapana. Ulikuwa Lahore, mwanangu," tena kwa uso mkavu, mpaka na mimi naanza kukumbuka siku ile Lahore kulikuwa na mvua. Karani wa ofisini kwetu, Mzee Allah Ditta, anasema panya wa masjala wanapenda sana majalada ya zamani, na yeye anafahamiana na panya hao vizuri. Na shangazi, ambaye siku hizi anajigamba sokoni kwamba mtoto wa kaka yake anakuwa serikali na wauza vitambaa wote watamtambua, alikuja Jumapili akaketi jikoni, akavuta kigoda karibu yangu.

"Mimi niko tayari kumwambia huyo polisi kwamba niliteleza kwenye pampu ya maji," akasema. "Nitaapa kabisa. Ila kwanza uwaite wale wale waliokuwepo harusini, useme mbele yao kwamba ni wewe."

"Shangazi, si tulishapatana?"

"Nyie mlipatana. Mimi miaka mitano naitwa mwongo na wake wa ndugu zangu. Kovu ninalo usoni, na mkinimiminia chai mnaniuliza eti Kishwar, hivi ulianguka wapi vile? Hata kaka yangu wa tumbo moja ananiuliza!"

Akalia, Bi Shaista. Sijawahi kumwona shangazi yangu analia bila watu wa kumtazama.

Nikisema, baba anaumbuka mbele ya ukoo mzima, na mwalimu wake, na huenda kazi ikapotea, kazi niliyoisomea mpaka macho yakaingia ndani. Nisiposema, Ijumaa shangazi atakaa na yule polisi, na kama atasema pampu au atasema mimi, Mungu anajua. Niweke alama kisanduku kipi?

Wako,
Wa Ukurasa wa Tatu

*

Wa Ukurasa wa Tatu,

Hongera kwa mtihani. Pongezi zimeishia hapo, tuendelee.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka ule mkono wa bangili mpaka chai ikanipalia. Halafu nikafika kwa shangazi jikoni, kicheko kikakata. Kabla gazeti hili halijanipa kona yangu nilikuwa mpiga chapa mahakamani miaka ishirini na sita. Kesi za upawa, za mfereji, za nyati wa kufugwa aliyekula bustani ya mtu, zote zimepita chini ya vidole hivi. Mwongo namjua hata akiandika kwa mwandiko mzuri kama wako.

Fomu kwanza. Hawakuuliza kama umehukumiwa, wala kama una hatia. Wameuliza kama umeandikishwa. Umeandikishwa. Weka alama kwenye ndiyo, uambatanishe karatasi ya maelezo, uiteremshe hiyo fomu kabatini leo. Unafikiri watashtuka? Katika wilaya hii msomi ambaye hajawahi kuandikishwa na jamaa zake ni yule asiye na jamaa. Kinachowakasirisha ni mtu anayeficha, tena anawaficha wao, wenye jalada mkononi! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umekwenda kumficha daktari mwenyewe.

Mzee Allah Ditta msalimie, umwambie panya wake wakae na njaa. Leo atawalisha jalada lako moja, bure. Mwaka ujao, ukiwa umevaa koti la serikali, atakuja na jalada la shemeji yake, na utamnyimaje? Mwendesha mashtaka ameshikwa shingo na karani hata kiti hajakikalia!

Sasa la pili, na hapa nakukaripia kwa moyo wote. Wewe ni wakili! Umemeza vitabu mpaka macho yameingia ndani, halafu umesahau kwamba kwa jeraha kama hili sheria yetu inamruhusu aliyeumizwa asimame mbele ya hakimu amsamehe aliyemuumiza, na kesi ikafungwa? Mlango huo umekuwa wazi miaka mitano. Baba anajenga Lahore, karani analisha panya, shangazi anajitafutia pampu ya kutelezea, na wewe msomi umekaa katikati yao unatafuna kucha. Kwa nini hamkuupita? Kwa sababu mtu ambaye hakuwepo hana cha kusamehewa. Mmemkata kwenye picha kwa mkasi wenu wenyewe.

Kwa hiyo shangazi asiape kitu chochote kuhusu pampu. Hayo ya kumshtaki marehemu ni makosa, na sahani tatu za biriani ni tumbo la ajabu, nitamwambia mwenyewe nikikutana naye. Lakini kwenye lile jambo moja la upawa yeye peke yake ndiye aliyesema kweli katika nyumba yenu, na malipo yake yamekuwa kuchekwa juu ya kikombe cha chai. Leo mnamtaka aape uongo ili wewe ukawaapishe wengine ukweli? Aibu, binti. Nakwambia kwa kukupenda, lakini aibu.

Baba yako usimvizie mbele ya watu. Kesho asubuhi, akiwa peke yake na chai yake, mwambie unaiondoa ile barua ya Lahore na mwalimu aarifiwe mapema. Atafoka. Atasema alifanya kwa ajili yako, na ni kweli. Mwache amalize kufoka, kisha umkumbushe kwamba anayeitwa mwongo na kovu lake usoni ni dada yake. Usibishane zaidi ya hapo. Alhamisi nendeni mahakamani, wewe na shangazi, na mchukue wakili mwingine awasimamie, maana wewe ukijitetea mwenyewe utaharibu. Ijumaa polisi akija apewe kiti na apewe ukweli, majirani wakimwongezea chumvi ni shauri lao.

Kazi utaipata? Sijui, na anayekuambia anajua ni mwongo mwingine wa kuongeza kwenye orodha. Inawezekana wakasema binti mwenye mkono mwepesi hatumtaki. Utaumia, utalia, na mwakani utafanya mtihani tena kama wale wenye mvi. Lakini ukiingia kwa kisanduku cha hapana, siku utakayomsimamisha mwanamke kizimbani, kichwa kimefungwa bendeji, wakili wa upande wa pili akamwambia, "Mama, wewe uliteleza tu," utamtetea kwa sura gani?

Imebaki Jumatano, siku ya kuwaita watu. Waite wote, hasa wale wake wa ndugu. Simama, usiseme ukiwa umekaa. Sema, "Nilikuwepo. Ni mimi niliyempiga. Shangazi hakudanganya." Usianze na wali, wala na miguu iliyovimba, wala na maneno yake ya ulimi. Na usitie "lakini", maana nyie mawakili mna ugonjwa wa "lakini". Ukimaliza, funga mdomo, hata kukiwa na kimya cha kutisha, hata baba yako akikohoa.

Shangazi ndiye atakayeongea. Ataongea sana, atarudia, atataja mambo ya kabla hujazaliwa. Msimkatize. Ana miaka mitano ya kusema.

Bi Shaista