Nzi wa Uzi Mweusi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na kifua kimeacha kukusumbua? Na wifi je, ameshapatikana au bado unachagua? Sisi hatujambo. Baba ni mzima, ila macho tu. Saa ndogo za kike siku hizi hazipokei, anazirudisha kwa wenyewe akidai vipuri vimeadimika.

Jumapili alinipeleka mtoni. Nilifunga nzi bandia wa kuvulia mwenyewe, yule yule wetu wa bei ya bure: ndoana, uzi mweusi na unyoya wa shingo ya kuku. Nilizungusha uzi, nikaubana unyoya, nikamalizia kwa vifundo na tone la rangi ya kucha ili visifumuke. Baba alimpapasa kwa kidole, akasema anafaa. Nikamrusha, nikamwacha aelee, na samaki wa ukubwa wa kiganja akamnyakua! Nilipiga kelele mpaka baba akauliza kama nimeumwa na nyoka. Halafu akasema wewe ungemtoa samaki yule kimyakimya. Ndiyo mara ya kwanza kukutaja tangu uondoke, na papo hapo akajifanya anakohoa. Kaka, nyumba imepwaya bila wewe. Nimeikumbuka hata ile miluzi yako ya asubuhi niliyokuwa siipendi.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni miaka minne. Nzi uliyempa baba siku ile alifumuka majini mbele ya marafiki zake, samaki mkubwa akaikuta ndoana tupu, akageuka. Baba akasema asiyeweza kumaliza kifundo hawezi kuachiwa meza yake ya kutengenezea saa, nawe ukafunga mizigo. Kaka, vifundo vyako havikuwa na kosa. Ulinipa nzi yule nimpake rangi, nami chupa nilikuwa nimeimalizia kwenye kucha zangu, najiandaa kwa harusi ya shoga yangu. Nikakujibu kuwa tayari. Nilikuona unatoka na begi, nikanyamaza. Nisamehe.

Baba bado hajui. Nataka kumwambia nawe ukiwepo, maana peke yangu nimejaribu mara tatu na kila mara nimeishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Fundi viatu wa jirani anakusalimu sana. Njoo, kaka. Baba akinifukuza mimi, angalau wewe utakuwa umesharudi.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku